Nyumba Yenye Sikio Moja

Albamu ya wale vijana watatu wa Wundanyi, waliyoirekodi gerejini kwa magitaa yanayokwaruza, iligawanya wasikilizaji nusu kwa nusu. Mghoi aliipenda. Mumewe, Mwadime, alisema ni kelele tupu. Na kwa kuwa sheria haikuruhusu maoni mawili chini ya paa moja, barua ya uhamisho ilifika Jumatatu.

"Ungesema tu umeipenda," Mghoi alimwambia huku akimkunjia mashati.

"Nilisema. Kipimo chao cha uongo kikajua nadanganya."

Hakuna aliyelia. Miaka kumi na minne ya ndoa iliingia kwenye begi moja, na gari la ofisi ya uhamisho likamchukua Mwadime kabla hajamaliza chai.

Alasiri aliletwa mume mpya, Righa, mtu mpole mwenye viatu safi. Aliiweka albamu ile hata kabla ya kuketi. Katika wimbo wa tatu, gitaa lilipopotea njia, wote wawili walitabasamu kwa pamoja.

"Pamenoga hapo, sivyo?" Righa aliuliza.

"Pamenoga," Mghoi alijibu.

Kisha akatafuta neno jingine la kumwambia, akalikosa. Righa alikuwa amemkazia macho, akingoja kukubaliana nalo.