Mutuka Moja Inatosha

Mnunuzi alikuwa ameshafungua boneti, na Virginie bado hakuamini kwamba gari linalouzwa ni lile.

Maana lililofunguliwa boneti ndilo zuri. Jeupe, viti vizima, usukani kushoto, kama akili inavyotaka katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia. Lililobaki chini ya mabati ni lile kuukuu lililoingia kupitia Zambia, usukani kulia, na mlango mmoja haufunguki mpaka uupige teke. Mtu mwenye kichwa chake anauza kuukuu anabaki na zuri. Mumewe, Rigobert, alikuwa anafanya kinyume, tena bila kusema sababu.

Kwamba gari moja linatosha, hilo hawakugombana. Rigobert alikuwa mtu wa reli, mkewe mwalimu wa shule ya msingi, na zamani kila asubuhi kila mmoja alishika njia yake. Sasa wote wako pensheni, wanakwenda pamoja: sokoni pamoja, misa pamoja, Ruashi kwa binti yao Lydie pamoja. Magari mawili ya nini? Walichogombania ni lipi liondoke.

"Papa Lydie, juu ya nini unauzisha ya muzuri?"

"Ile ya zamani njo nilizobelea."

Basi, jibu lote ndilo hilo: amelizoea kuukuu. Hata Mwila, mnunuzi mwenyewe, aliinua kichwa kutoka kwenye injini akamtazama mzee kwa huruma. "Papa, uko sûr? Banauzishaka ile ingine."

"Niko sûr," Rigobert akasema, kama mtu asiye na shaka.

Virginie alikaza kitenge kiunoni akaenda kusimama pembeni. Moyo ulimuuma, wala si kwa ajili ya bati na matairi. Tangu wamebaki nyumbani wawili tu, alihisi mumewe anamwacha huku amekaa karibu naye. Na mahali alipomwachia ni ndani ya gari lile jeupe.

Kwenye gari kuukuu Rigobert ni mwingine kabisa. Usukani ukiwa kulia, dereva hawezi kuona mbele ya lori, kwa hiyo Virginie ndiye macho yake. "Kuko mutu?" mzee anauliza. Mama anachungulia, anasema, "Pita," naye anapita. Kati ya lori na lori wanawasengenya nusu ya parokia, wanacheka mpaka machozi. Wanafika Ruashi hawajamaliza.

Kwenye lile jeupe, kimya. Virginie anafungua dirisha lake kwa sababu ya joto, malori ya madini yananguruma, yeye anasimulia hili na lile, mume anatazama njia. Wakati mwingine anamgeukia na kumwangalia usoni, kama mtu anayengoja kitu, kisha anarudisha macho barabarani. Virginie hakulipenda jicho lile. Alijiambia, ndivyo wanaume wanavyowatazama wake waliowachoka. Na kweli siku hizi hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza naye vizuri. Padri kijana anatafuna maneno, jirani ananong'ona, Lydie naye kwenye simu haeleweki mpaka mama ahamishe simu mkono.

Halafu ikaja ile Jumapili. Walikuwa wanatoka kwa Lydie, ndani ya lile lile jeupe, na Virginie, sijui shetani gani alimsukuma, akauliza neno ambalo mwanamke wa umri wake angelimeza. "Papa Lydie, kama ni kuanza tena, utanioa tena?"

Aliuliza akitazama nje, kwa haya. Akangoja. Alipogeuka, mzee alikuwa anamwangalia kwa jicho lile lile. Mpaka wanafika nyumbani Kasapa, hakusikia neno. Tangu siku hiyo anampakulia bukari, ugali wake wa kila siku, bila kumtazama.

Na sasa gari hilo hilo linaondoka. Kwa nini asiamini kwamba mtu anakimbia swali lake? Leo anapunguza gari, kesho atapunguza nini? Wenzake wawili wa kwaya waliachwa wakiwa na mvi, na wote walianza kuona dalili katika mambo madogo madogo ya nyumba.

Mwila aliomba ufunguo ili alijaribu gari. Akaliwasha, akatoka nalo getini, akabaki anaingurumisha injini hapo nje. Uwanjani walibaki wawili. Rigobert alikuja akasimama kando ya mkewe, upande wa kushoto, akiangalia getini kama yeye.

Virginie alishindwa kuvumilia. Alisema bila kugeuka. "Ile siku nilikuuliza neno moja, ukanyamaza. Kama umenichoka, uniambie. Usianze na mutuka."

Injini ilinguruma nje. Virginie akangoja, macho getini. Hakuna. Machozi yakamtoka, akayafuta na pindo la kitenge. Alikuwa na hasira na aibu, na zaidi ya vyote alikuwa na woga.

"Unaona," akasema. "Hata sasa umenyamaza."

Rigobert alishusha pumzi. Akamzunguka mkewe polepole, akaja kusimama upande wake wa kulia, akainama karibu.

"Sikunyamaza, Mama Lydie. Sasa hivi nimekujibu, na ile siku nilikujibu mara mbili: nitakuoa tena. Lakini mu ile mutuka, sikio yako ya kushoto, yenye kuwa ku upande yangu, njo ile yenye haisikiake."