Uzi Mmoja wa Kaka

Nukta ya shangazi iligeuka kijivu kwenye kompyuta, na kabla mwanahisabati hajapepesa jicho, simu ikalia.

"Shangazi yako naye amekata tamaa," mama alisema.

Asubuhi ilikuwa hivyo hivyo kwa mjomba, kisha kwa dada: nukta kwanza, mtu baadaye.

Alikuwa amechora ukoo mzima kwa nukta, na nyuzi za kuonyesha nani humsikiliza nani, ili aone watu wanavyoambukizana rai. Kijani, tuendelee kumtafuta kaka aliyepotea msituni. Kijivu, tukubali amekufa.

Nukta yake aliifunga ibaki kijani daima, maana yeye ni mbishi wa kubishana hata na mlango. Ya kaka, nayo kijani, aliiunga na yake tu, kwa uzi mmoja. Tangu utotoni kaka hakumsikiliza mwingine.

"Na hizo hesabu zako, baba, zimemwona?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Basi umebaki wewe. Waokoaji wanangoja neno letu, wabaki au waondoke." Mama akashusha pumzi. "Nimechoka, mwanangu."

Ubishi wote ukamwisha.

"Basi, mama. Waondoke."

Nukta yake iliyofungwa ikageuka kijivu. Uzi ule mmoja ukakazika, ukatikisika, kama unaovutwa kutoka upande wa pili. Kisha kijani cha kaka kikaanza kufifia, polepole, kama mtu aliyekuwa akiita na sasa sauti inamkauka.

"Mama, subiri! Yuko hai!"

Mama alikuwa ameshakata simu.