Barua ya Kukitetea Kitabu

Kitabu kilikamatwa ndani ya sufuria, jikoni mwa shule, dakika chache kabla maharage hayajamiminwa.

"Safina," alisema Mwalimu Honorata, mwalimu wa Kiswahili kutoka Kasulu, huku akikikung'uta, "leo ulitaka wenzako wale riwaya?"

"Ingekuwa na chumvi kuliko hayo maharage, mwalimu."

Kidato cha tatu kizima kikacheka. Honorata hakucheka. Alikifungia kabatini, akatangaza kwamba atakayeonekana nacho tena hana shule.

Kilikuwa kitabu chembamba cha maktaba, hadithi ya msichana wa Burundi aliyevuka mto, akajiita Muha, kabila la upande huu wa mto, na kusoma kama watoto wengine. Mwaka ule malori yalizunguka Gungu mpaka Ujiji yakiwazoa wakimbizi walioishi nje ya kambi, na shuleni hapo neno Burundi lilitamkwa kwa kunong'ona, kama jina la ugonjwa. Nehemia wa dawati la nyuma, ambaye mwaka mzima hakuwahi kusema zaidi ya "nipo, mwalimu", alikisoma mara mbili, kisha akamwinamia Safina: "Huyu ni mimi."

Tangu siku hiyo akawa anaongea. Hata kutania alitania, ingawa vibaya. Kitabu kilipofungiwa, akarudi kwenye "nipo, mwalimu".

Safina akamfuata Honorata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Kile kitabu kina ubaya gani?"

"Marahaba. Kinawafungua watu midomo."

"Si ndiyo kazi ya vitabu?"

"Wewe mtoto wa Ujiji, ukifungua mdomo unakula. Wapo ambao wakifungua, wanaliwa. Toka."

"Roho imekauka kushinda dagaa," Safina aliwaambia wenzake.

Wakaamua kuwaandikia wakubwa wa elimu. Walikuwa waangalifu mno: jina la Nehemia halikutajwa, wala hawakugusia kwamba darasani yumo mkimbizi. Safina alitoa maneno, Hamdani mwenye mwandiko mzuri akaandika.

"Tunaomba kitabu kirudishwe, kwa sababu kijana akikuta kitabuni maisha yanayofanana na yake, ndipo hujiona naye ni mtu."

"Hiyo tamu, lakini haina pilipili," alisema Hamdani. "Tumchome mwalimu kidogo."

Wakamchoma. Waliandika kwamba Mwalimu Honorata, huyo anayewakataza, alikutwa maktaba akikisoma, machozi yanamtoka. Tena kwa kalamu yake nyekundu amemsahihisha hata mwandishi, pembeni mwa ukurasa wa arobaini: *Siyo hapa. Wanavukia chini zaidi, penye matete.*

"Mnafiki mkubwa," alisema Safina, akailamba bahasha.

Wiki tatu baadaye lori likaingia uwanjani, nyuma limejaa watu na vifurushi. Hakuna aliyesubiri kuambiwa. Nehemia alisukumwa stoo, akafunikwa magunia, na Hamdani akakaa juu yake akijifanya anachambua mahindi. Gunia lilikuwa linatetemeka. Hamdani akalikandamiza kwa makalio na kumwomba Mungu wake kwa nguvu zote.

Lakini bwana aliyeshuka upande wa dereva alikuwa anatabasamu. Mkononi alibeba boksi: nakala kumi mpya za kile kitabu, na juu yake kibali chenye muhuri. Darasa likalipuka kwa makofi. Safina alipigiwa vigelegele kama bibi harusi.

"Barua yenu imesomwa na ofisi nyingi," alisema yule bwana. "Hongereni, mnajua kueleza. Sasa, Honorata ndiye yupi?"

Safina ndiye aliyenyoosha kidole, haraka, asije akakosa kumwona akikemewa.

Honorata aliweka chaki chini, akajipangusa mikono kwenye sketi, akapanda nyuma ya lori. Bibi mmoja aliyekalia kifurushi cha nguo akamsogezea nafasi na kumuuliza, kwa Kirundi, yeye ni mtoto wa nani. Na mwalimu wao akajibu kwa Kirundi hichohicho, bila kukwama, akitaja jina la baba yake na la kilima alikozaliwa.