Tundu la Breki

Nilibana foki, uma unaoshika gurudumu la mbele, kwenye jiliwa la baba, nikaweka ncha ya drili katikati ya kichwa cha foki hiyo, pale breki inapofungwa kwenye baiskeli za barabarani. Baiskeli yangu ni ya mbio za uwanjani. Haina breki, na foki ikiwa na tundu, wakaguzi wanaikataa papo hapo.

Ukaguzi ni kesho. Ukipita, unakabidhi simu, unafungiwa bwenini na wenzako, hutoki mpaka mbio ziishe.

Bega langu lina skrubu sita za kuunga mfupa, kwa sababu ya kuanguka mbioni. Sikutaka ya saba.

Nikabonyeza. Chuma kikalia, ukatoka utepe mwembamba, wa moto, ukajisokota kidoleni mwangu. Nilipochomoa ncha, mwanga wa dirishani ulipenya upande hadi upande.

"Harumichi, supu inapoa!" Baba alikuwa mlangoni na aproni yake ya kuchomelea. Akaja, akainama, akachungulia tunduni.

"Ni ya mazoezi, baba. Nataka kuifungia breki."

"Ya mazoezi! Foki nimeichomelea mwenyewe, halafu unanidanganya?" Hakupaza sauti. "Ila umetoboa vizuri. Katikati kabisa. Mimi nilipotoboa yangu, tundu lilienda upande."

Nikamtazama.

"Babu yako naye alikuwa ameniwekea foki nyingine."

Akavuta droo ya chini, akafunua gazeti. Foki ya bluu, rangi ileile, mhuri wa kiwango cha mbio umeshagongwa, haina tundu.

"Haya, twende ukanywe supu."