Kanga ya Mwimbaji

Harusini hapakuwa na spika. Mnara wa waya alioutengeneza Mbaraka ulitoa cheche za zambarau, na cheche zenyewe ndizo zilizoimba.

"Cheche ikiruka, hewa inapata moto ghafla, inalia," alikuwa amewaeleza wageni. "Zikiruka upesi, sauti nyembamba. Zikipunguza kasi, nzito. Ila msivuke kamba, umeme huu unaua."

Bi Mwanakheri, nyanya wa bibi harusi, alichelewa kufika, hakuyasikia hayo. Wimbo ulimgusa. Akainuka na kanga mpya, akavuka kamba akicheza polepole, aende kumtuza huyo mwimbaji wa mnarani kwa kumvisha.

"Bibi, rudi!"

Vigelegele vilimeza sauti ya Mbaraka. "Mwache amtuze," shangazi mmoja alicheka. Mbaraka alibonyeza swichi, ikakwama. Akaukimbilia ukuta, akang'oa plagi.

Cheche zikazimika. Bi Mwanakheri alikuwa ameinua kanga, vinyweleo vya mikono vimemsimama.

"Mbona amenyamaza, mwanangu? Nimemuudhi?"

"Hapana, bibi," Mbaraka alisema, akiinamisha kichwa. "Anakuonea haya. Nivishe mimi."

Bi Mwanakheri akamvisha, akahisi mabega ya Mbaraka yanavyotetemeka.

"Kumbe una baridi," alisema, akamkazia kanga shingoni.