Mtu wa Kingollo

Jeneza la Mabruki lilikuwa limefika mlangoni pale mtu mmoja alipojilaza kizingitini, akaziba njia.

"Hatoki," alisema. "Kwanza niambieni mnamzika nani."

Wabebaji walisimama. Mmoja akacheka, na kicheko kikaenea barazani mpaka kwa wanawake ndani. Zamda, mjane, akashusha pumzi. Tangu jana shemeji yake Omari alikuwa amemtumia habari mtani wa marehemu huko Igunga, mtu ambaye Zamda hakuwahi kumwona. Kumzika Mabruki bila mtani wa kumkejeli maiti na kuwachekesha wafiwa ingekuwa aibu, na yeye alitaka mumewe aondoke kwa heshima zote, mtaa mzima wa Kanyenye ukimsifu.

"Haya mtani, chukua chako utupishe!" Omari alimrushia sarafu. Mtu yule hakuziokota.

"Huyu ni mtu wa Kingollo," alisema.

Watu wakaangua vicheko. Nani Tabora asiyemjua Ngollo wa hadithi za misafara, kiongozi aliyewapeleka wenzake kisimani, akawauza wakiwa wameinama kunywa? Kuitwa wa Kingollo ni tusi lisilo na dawa.

"Alikula ugali kwangu siku mbili. Akaniambia, ndugu yangu tulia, hiyo operesheni ya kuhamishia watu vijijini haifiki huku. Siku ya tatu akaja na lori, na kiberiti kashika yeye. Mama yangu alikuwa ndani. Alikuwa hatembei."

Wabebaji wakatazamana.

"Loo, mtani huyu kazi anaijua!" mmoja akapaza sauti, na vicheko vikarudi maradufu. Hata machozi yake waliyasifu.

Zamda naye alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Miezi yote ya kuuguza ilimtoka kifuani, akamshukuru Mungu kwa mtu huyu mwenye ulimi mchafu.

"Basi shuhudieni, niwapishe. Alikuwa mtu gani?"

"Wa Kingollo!" waliitika wote, sauti ya Zamda ikiwa juu kuliko zote.

Mtu yule akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake bila kuaga. Jeneza likatoka.

Halijafika hata kwenye kona, akaja mwanamume mbio, amevaa gunia, uso kaupaka majivu, anahema.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, basi limetuharibikia Nzega. Mtani wa marehemu ndiye mimi."