Bata wa Mahameli

Mama mmoja fundi cherehani alijibanza nyuma ya pazia la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu, akamwona mtelezaji kipenzi chake anapenga kamasi kwa bata.

Bata huyo, fundi ndiye aliyemshona, kwa mahameli, akamtia macho ya vifungo vya koti la marehemu mama yake. Muda mfupi uliopita alimrusha barafuni, na yule binti, ambaye fundi hakuwahi kukosa shindano lake kwenye televisheni, aliacha maua yote ya mashabiki akamwokota bata, akambusu. Fundi alilia kama mtoto.

Sasa binti alikuwa akipangusa kwa bata huyo vyuma vya viatu vyake vya kutelezea. Jicho moja la bata lilining'inia kwa uzi.

"Si umembusu sasa hivi?" kocha wake alicheka.

"Kwani kamera hukuziona? Matakataka yao yananitia kinyaa."

Hapo binti akageuka, akamwona fundi, na uso wake ukachanua kwa tabasamu lile lile la kwenye televisheni.

"Shabiki wangu! Chukua, mama, ukumbusho huo."

Bata aliyemtia mkononi alikuwa wa baridi, ana utelezi.

"Asante, mwanangu," fundi akajisikia akisema.